Maduka ya Naivasha Road Yasifutwe Bila Kumbukumbu

Anayeshuka matatu Dagoretti Corner na kuifuata Naivasha Road kwa miguu kuelekea Riruta Satellite hupita madukani muda mrefu kabla hajaona nyumba ya mtu. Ni mlango kwa mlango: bucha yenye paja la ng'ombe nyuma ya kioo, kemisti, hadiwea iliyopanga ndoo na mabomba nje, wakala wa M-Pesa katika kibanda cha kijani, kinyozi, fundi wa sare za shule, hoteli ya chapati na maharagwe, agroveti, duka la gesi lenye mitungi iliyofungiwa ndani ya vyuma. Katikati ya ukuta na lami kuna safu ya pili, ya mama mboga wanaokatakata sukuma wiki, vijana wa mitumba na wachoma mahindi. Barabara hii inaunganisha Ngong Road na Waiyaki Way upande wa Uthiru. Kwa wakazi wa Riruta, Kawangware, Kabiria na Ngando, ndiyo soko lao la kila siku.

Historia ya biashara Nairobi ikisimuliwa, kwa kawaida huanzia Biashara Street na kuishia River Road. Riruta hutajwa pale simulizi linapokaribia kwisha, kama inatajwa. Kusahauliwa huko kunawagharimu watu fedha na riziki. Mradi wa barabara unapokuja, mwenye duka la miaka thelathini huonekana mvamizi aliyewasili jana, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba amekuwapo. Hoja ya makala haya ni hiyo: maduka ya Riruta yamejengwa kwa kuaminiana kati ya muuzaji na jirani yake, mara nyingi sheria ikiwa kinyume nao, na historia hiyo inafaa ihifadhiwe kama ushahidi.

Biashara ililitangulia duka hapa. Kabla ya reli, misafara iliyotoka pwani ikielekea Uganda ilisimama Dagoretti, eneo ambamo Riruta imo, kununua chakula cha Wakikuyu: maharagwe, viazi vitamu, ndizi, nafaka na mbuzi. Kwa wapagazi wa Kiswahili na wenzao, hiki kilikuwa kituo cha kujaza mizigo kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Mwaka 1890 Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Imperial British East Africa alijenga ngome Dagoretti baada ya kula kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga. Undugu haukudumu. Watu wa kampuni walianza kuchukua vyakula bila kulipa, wenyeji wakawashambulia na ngome ikateketezwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa upande wa pwani, akafia njiani huko Kibwezi. Vitabu vya shule humweka Waiyaki katika sura ya upinzani dhidi ya ukoloni, na ndipo anapostahili. Lakini chanzo cha ugomvi kilikuwa jambo ambalo kila mwenye duka Riruta analifahamu: bidhaa imechukuliwa, malipo hayakuja.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na kando yake ikachipuka bazaa ya wafanyabiashara wa Kihindi. Tauni ilipozuka mwaka 1902, maafisa wa afya waliamuru bazaa hiyo ichomwe moto. Tangu siku hiyo, usafi umekuwa sababu inayotangulizwa kila muuzaji mdogo anapofukuzwa katika jiji hili, hata pale ambapo mwenye mamlaka hajaleta maji wala choo.

Riruta wakati huo haikuwa sehemu ya jiji. Ilikuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu, chini ya wilaya ya Kiambu, na wanawake wake walipeleka mboga na kuni mjini wakizibeba mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Katika hifadhi kama hizi, maduka ya Waafrika yalianza kuonekana kati ya vita viwili vya dunia: ukuta wa udongo, paa la bati, na ndani chumvi, sukari, mafuta ya taa, sabuni ya kukata na kitambaa cha amerikani. Ili kufungua duka ilibidi kupata leseni na kiwanja katika kituo kilichokubaliwa na serikali. Sheria ya mwaka 1935 kuhusu mazao ya Waafrika iliongeza mkazo: hata kununua mahindi ya jirani ili kuyauza kulihitaji kibali.

Kizuizi kigumu zaidi kilihusu mtaji. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyempa Mwafrika mkopo wa zaidi ya shilingi 200 hakuweza kumdai mahakamani bila idhini ya serikali. Ilielezwa kwamba lengo lilikuwa kumkinga Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba muuzaji wa jumla wa mjini hakuwa na sababu ya kumkopesha mwenye kiduka wa Riruta magunia kumi ya sukari. Mwenye duka wa Kihindi alikopeshwa, akauza, akalipa, akakua. Mwafrika alinunua alichoweza kulipia papo hapo, akabaki mdogo. Huko Nyanza, Oginga Odinga na wenzake walikuwa wameanzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947 kwa kuchanga hisa, kwa kuwa waliona kwamba mtaji usipochangwa hauji. Anayeuliza leo kwa nini maduka mengi ya Riruta ni madogo, sehemu ya jibu iko katika shilingi hizo 200.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952. Operesheni Anvil ya Aprili 24, 1954 iliwazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru jijini Nairobi, na katikati ya mwaka huo serikali ikaanza kuwakusanya watu wa hifadhi katika vijiji vyenye ulinzi. Familia ziliondolewa mashambani mwao zikalazimishwa kuishi katika vibanda vilivyobanana chini ya amri ya kutotoka nje. Leseni ya biashara ikawa tuzo ya utiifu: aliyethibitishwa kuwa upande wa serikali aliruhusiwa kufungua duka, aliyeshukiwa alifungiwa. Ni jambo chungu, na wazee wengi wa Dagoretti hawapendi kulizungumza hadharani, lakini haliwezi kurukwa. Baadhi ya biashara za zamani zaidi katika vituo vya Kiambu zina mizizi katika ugawaji huo wa leseni, na baadhi ya familia zisizo na biashara hadi leo zilipoteza za kwao wakati huohuo.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950 mashamba ya Kiambu yaliunganishwa, yakapimwa upya na kuandikishwa, na wenye ardhi wakapewa hati. Hapa ndipo Riruta ilipoachana na mitaa mingine ya Nairobi. Kibera ilikua juu ya ardhi ya serikali. Riruta na Kawangware zilikua juu ya ardhi ya watu binafsi wenye hati mkononi. Mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963 na Dagoretti ikawa sehemu ya Nairobi, mwenye shamba la ekari moja alijikuta mjini bila kuhama.

Alichofanya ndicho ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Aliacha kupanda mahindi upande wa barabara, akajenga safu ya vyumba vya mbao na mabati. Vya mbele vilifunguka barabarani kuwa maduka. Vya nyuma vilikuwa vya kulala, choo kimoja na mfereji mmoja wa maji kwa ploti nzima. Wapangaji walikuja kutoka Murang'a na Nyeri, na kwa wingi sana kutoka magharibi mwa Kenya, hasa Waluhya, ambao wameipa Kawangware sura yake. Walifuata basi. Nambari 46 ya mabasi ya Kenya Bus Service ilishikamana na Kawangware kiasi kwamba mtu akisema anaishi "forty-six" haulizwi zaidi. Agizo la Rais Jomo Kenyatta la mwaka 1973 lililoziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya magari ya umma liliongeza vituo, na kila kituo kikaleta maduka yake. Ukitaka kujua kwa nini duka fulani liko pale lilipo, tazama matatu zinaposimama saa kumi na mbili jioni.

Wakati huohuo serikali mpya ya Kenya huru ilikuwa inabadilisha mikono iliyoshika biashara. Shirika la biashara la taifa, KNTC, liliundwa mwaka 1965 ili kuwapa Wakenya Waafrika nafasi katika uuzaji wa jumla. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo na bidhaa fulani, na maelfu ya Waasia waliokuwa na pasipoti za Uingereza waliondoka, wengi kabla London haijafunga mlango mnamo Machi 1968. Kenya ilifanya hivyo kwa karatasi. Uganda chini ya Idi Amin ilifanya kwa muhula wa siku 90 mwaka 1972. Tanzania nayo mwaka 1976 iliendesha Operesheni Maduka, ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na ya ushirika. Rafu zikakaa tupu na operesheni ikaachwa. Nchi tatu, njia tatu, na katika zote mnunuzi wa robo kilo ya sukari hakuulizwa maoni yake. Swali la nani aruhusiwe kufanya biashara halijaisha. Februari 2023 wafanyabiashara wa Nairobi waliandamana wakipinga duka kubwa la Wachina kwenye Thika Road, wakitumia hoja ambazo mbunge wa mwaka 1967 angezitambua mara moja.

Riruta haikuwa na Waasia wengi wa kurithi. Wimbi lake kubwa la maduka lilikuja baadaye, miaka ya 1990, kwa njia ya machungu. Serikali ilipolegeza udhibiti wa bei na wa uagizaji, mitumba ikafurika na viwanda vya nguo vikayumba. Kuanzia mwaka 1993 mpango wa kupunguza watumishi wa umma uliwatuma nyumbani maelfu ya makarani, matarishi na madereva, mkononi wana kiinua mgongo. Wengi katika mitaa kama Riruta walikitumia kufungua duka. Si wote walioijua kazi. Kuna waliojaza rafu mwezi wa kwanza, wakakopesha mtaa mzima, na mwezi wa sita wakafunga. Waliosalia walijifunza jambo moja ambalo mabenki yalichelewa kulijua: mteja wa Riruta halipwi kwa mwezi, analipwa kwa siku.

Hapo ndipo pa kusimama na kutazama kwa karibu. Saa moja usiku, mbele ya duka lenye dirisha la nondo, mtoto amenyoosha mkono akishika chupa ya plastiki na sarafu. Anataka mafuta ya kupika ya shilingi ishirini. Mwenye duka anaichukua chupa, anaiweka chini ya mtungi wenye bomba, anabonyeza hadi alama anayoijua kwa macho, anaifunika na kuirudisha pamoja na vibiriti viwili. Anayefuata anachukua nusu mkate na maziwa ya pakiti. Wa tatu anaagiza unga, sukari robo, majani ya chai ya shilingi kumi, kisha anasema polepole, "Uandike." Mwenye duka anavuta daftari la kurasa mia mbili lililokunjika pembe, anatafuta jina la mama ya fulani, anaongeza mstari. Riba hakuna. Dhamana ni kwamba anajua mteja anakoishi, anawajua watoto wake, na anajua siku mumewe anapolipwa huko mjengo, kwenye kazi ya ujenzi.

Kwa mizani hiyo ya kadogo, ya kuuza kwa vipimo vidogovidogo, maduka haya yamewashinda wakubwa. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilikuwa fahari ya taifa kabla ya kuporomoka. Jumba la Junction lilipofunguliwa kwenye Ngong Road karibu na Dagoretti Corner, supamaketi ya Nakumatt iling'aa ndani yake usiku na mchana, na wengi waliamini kwamba siku za kiduka zimehesabiwa. Mapema mwaka 2020 wadai wa Nakumatt walipiga kura ya kuifilisi. Supamaketi ya Tuskys ikafuata njia hiyohiyo. Mashirika hayo yaliwakopa wauzaji wao mabilioni yasiyolipwa. Mwenye kiduka wa Riruta hawezi kufanya hivyo. Gari la mkate likija asubuhi na hana fedha ya jana, haachiwi mkate. Nidhamu hiyo ndiyo iliyombakiza, na inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa katika mijadala ya uchumi nchini, ambako neno "rejareja" siku hizi huwa na maana ya supamaketi.

Hii haina maana kwamba hakuna kinachobadilika. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na ndani ya miaka michache nusu ya kaunta nyingi ikawa ya kutoa na kuweka fedha. Mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku Agosti 28, 2017, ikabidi kila mtu aje na wake. Septemba mwaka uliofuata serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ikidai kuzuia uchanganyaji wa mafuta. Pampu ndogo za mafuta ya taa zilizokuwa nguzo ya duka zikakauka, mitungi ya gesi ikashika nafasi. Kisha Januari 2019 ikaja Fuliza, deni la papo kwa papo katika simu. Hilo lina faida yake, lakini lina ada, na ada hiyo haijui kwamba mtoto ni mgonjwa. Daftari la duka hujua. Mtaa unaohamisha madeni yake yote kutoka kwa jirani kwenda kwa kampuni unapoteza kitu ambacho hakirudi kwa urahisi.

Na kuaminiana huko kuna siku kulivunjwa. Mwishoni mwa Oktoba 2017, mara tu baada ya uchaguzi wa urais wa marudio, Kawangware iliwaka. Watu waliuawa, na maduka na vibanda katika eneo linaloitwa 56 vikachomwa kwa kuangalia kabila la mwenye mali. Wateja na wauzaji waliokuwa wakiandikiana madeni wiki iliyotangulia walikimbiana. Ni aibu ambayo viongozi wa pande zote waliipitia haraka kwa maneno ya amani. Waliorudisha amani yenyewe ni wale waliofungua milango tena, wakauza tena, na kukopesha tena.

Baada ya moto ikaja kafyu ya Machi 27, 2020 kwa sababu ya korona. Kwa duka la Riruta saa moja jioni ndiyo saa ya kuvuna, kwa kuwa ndipo wafanyakazi wa mjengo na wa nyumbani wanaposhuka matatu. Saa hiyo ikaondolewa kwa amri. Kodi ya chumba haikuondolewa.

Leo adui mkubwa ni upanuzi. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia kaunti ndogo ya Dagoretti watu 434,208, na ardhi imepanda bei ipasavyo. Safu za mabati zinabomolewa, maghorofa yanapanda. Chini ya ghorofa huwekwa maduka mapya yenye vioo, lakini kodi yake huambatana na gudwili, malipo ya mkupuo ya kuingilia, ambayo mwenye kiduka cha zamani hawezi kuilipa. Anayeweza hurudi, asiyeweza huhamia pembezoni, Kabiria ndani au ng'ambo ya mipaka ya kaunti, akiacha wateja na madeni yao. Upanuzi wa Ngong Road hadi Dagoretti Corner, uliofanywa kwa msaada wa Japani, ulionyesha upande mwingine: msongamano ulipungua, jambo jema kabisa, na waliokuwa wakiuza miche na samani kando ya barabara wakaondolewa, wengi wakitafuta pa kwenda wenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 haikuwasahau watu hawa. Ibara ya 40(4) inaruhusu fidia itolewe kwa wanaokalia ardhi kwa nia njema hata kama hawana hati. Kasoro iko katika uthibitisho. Nani atathibitisha kwamba kibanda hiki kimekuwapo tangu mwaka 1994? Kanjo, yaani maofisa wa kaunti, wana risiti walizotoa, lakini haziwekwi pamoja mahali pa kuonekana. Mpangaji hana mkataba wa maandishi. Mwenye ploti anafidiwa, mwenye duka anaambiwa abomoe kabla ya Jumatatu.

Kwa hiyo Serikali ya Kaunti ya Nairobi, inayokusanya ada ya kibali cha biashara kila mwaka, inapaswa kufungua rejista ya wazi ya biashara za Naivasha Road, duka na kibanda, ikionyesha mwaka kila moja ilipolipa ada kwa mara ya kwanza, na kila mradi wa barabara uanze na rejista hiyo mezani. Vibanda vipewe nafasi iliyopimwa, yenye maji na choo, kabla tingatinga halijawashwa.

Na wewe msomaji ambaye mzazi wako aliuza chumvi, nyama au sare za shule Riruta, usitupe lile sanduku lililo chini ya kitanda. Leseni ya zamani, risiti ya baraza la jiji, picha ya mama amesimama mlangoni, daftari la madeni lenye majina ya mtaa mzima: piga picha kila ukurasa, andika mwaka na mahali, kisha peleka nakala kwa Idara ya Kumbukumbu za Kitaifa pale Moi Avenue. Fanya hivyo mwaka huu, wakati bado kuna mtu nyumbani anayekumbuka majina hayo.